Kisima cha Wakfu Shambani kwa Mzee Nassor

Nyinyi vijana mnaokuja na mashine ya kutoboa ardhi, sina ugomvi nanyi. Juzi nilikaa juu ya tofali hapa kwetu Masasi nikawatazama mkifanya kazi, na viganja vikaniwasha kwa hamu. Mmoja wenu akaniamkia, "Shikamoo babu, nasikia nawe ulikuwa fundi wa visima." Nikaitikia marahaba, lakini ubabu sijaufikia. Nina miaka arobaini na kitu tu. Kilichostaafu ni mgongo, mimi nikaufuata.

Nilimaliza kidato cha nne wakati ambao cheti hicho kilimpa mtu kiti ofisini. Nilipewa kiti, nikakikalia kidogo, kikanichoma. Nikashika sururu nikazunguka nayo pwani yote kuanzia Lindi hadi Pangani, na kila nilipomaliza kisima nilitamani kujua maji ya mahali pengine yana ladha gani. Hata leo nikisikia lori linapita barabarani nanyanyuka kuliangalia linakwenda wapi. Mke wangu hunivuta shati, akaniambia nikae, limebeba saruji.

Lakini mlitaka kujua kazi, nami nitawaambia ya Mafia, kwa sababu huko ndiko nilikosomea.

Bara, fundi husifiwa kwa kwenda chini. Mafia husifiwa kwa kujua pa kuacha. Kisiwa kile kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga, na maji ya mvua yaliyozama hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi wa nazi. Ukifika kwenye maji matamu, weka sururu chini ushukuru. Ukiongeza, unatoboa mchuzi.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Mbaraka wa Kiegeani, mtu mfupi mwenye mabega mapana na sauti ya kuadhini. Siku ya kwanza nilimwonyesha kwa majivuno pimamaji yangu mpya, ile ya waashi yenye kichupa, niliyoinunua Dar es Salaam. Akaigeuza, akatazama povu likikimbia ndani ya kichupa, akanirudishia. Akasema inapima kila kitu isipokuwa maji. Kisha akatoa ulimi wake nje akauonyesha kwa kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa pimamaji yake. Kila tulipokaribia maji, aliteka kidogo kwa kata ya kifuu, akasukutua, akatema, akasema tuendelee au tuache.

Ulimi huo ulikuwa na mapumziko mara moja kwa mwaka. Mwezi wa Ramadhani hakuweza kutia maji kinywani mchana, na watu wanaotaka kisima kabla ya mvua za masika hawangoji mwezi uandame. Ndiyo maana alinichukua mimi. Alipita mjini Kilindoni akiuliza kama kuna Mkristo anayetafuta kazi, asiyevuta tumbaku wala kutafuna tambuu. Wengi walishindwa kwenye sharti la pili. Basi nikawa ulimi wake wa Ramadhani. Nilisukutua mbele ya watu wenye njaa na kiu, nikageuka pembeni kwa aibu, na yeye akanicheka: "Onja vizuri, Danieli. Swaumu ni yangu, kazi ni yetu."

Nilijifunza haraka, nikajiamini haraka zaidi. Kule Miburani niliachiwa kisima peke yangu, Fundi akiwa amefiwa. Maji yalitoka matamu, lakini machache. Mwenye nyumba alitaka mengi, nami nilitaka kusifiwa. Nikaongeza. Asubuhi tulipoteka, mbuzi alinusa akaondoka zake. Mwenye nyumba hakunigombeza. Alimwita mkewe kwa upole akamwambia asinunue chumvi tena. Kisima kile kikaitwa Ongeza, na nadhani kinaitwa hivyo mpaka sasa. Fundi Mbaraka aliporudi alikizunguka, akaniambia tukifukie tuchimbe kingine pembeni, na kwamba kila fundi wa Mafia ana Ongeza yake mahali. Ya kwake hakunionyesha.

Nyinyi mnatia mabomba. Sisi wakati ule tulikuwa tunaanza kutumia mapete ya saruji: unalikalisha pete juu ya mchanga, unaingia ndani yake, unachimba chini ya ukingo, nalo linashuka pole pole pamoja nawe, ukuta ukiwa umejengeka tayari. Kabla ya hapo ilikuwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, jiwe kwa jiwe, ukitegemea timazi na uvumilivu. Fundi Mbaraka alijua njia zote mbili, na hilo lilikuja kutufaa kwenye kisima ninachotaka kuwasimulia hasa.

Upande wa Kiegeani kulikuwa na shamba la minazi la Mzee Nassor. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Omani kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ni wa palepale, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha redioni. Chini ya minazi walilisha ng'ombe, ili majani yasirefuke na nazi zikianguka zionekane. Pembeni ilikuwa kambi ya vibarua: wakwezi, wafuaji nazi, na wake zao na watoto. Wengi walikuwa watu wa bara kama mimi, Wakristo, na familia chache za Kiislamu kutoka Rufiji.

Ruhusa ya kupanda muhogo walikuwa nayo. Ruhusa ya kupanda mti hawakuwa nayo. Mafia ardhi ni jambo moja na mnazi ni jambo jingine, na anayepanda mnazi ana neno la kusema juu ya pale ulipo, yeye na watoto wake. Kwa hiyo kibarua aliweza kuishi pale tangu ujana mpaka mvi, akafa hana hata mche mmoja wa kuitwa wake.

Maji yao yalikuwa dimbwi la ng'ombe. Sitawaeleza sana. Ng'ombe waliingia humo kwa miguu, wakatoka, ndipo akina mama wakateka. Kila masika matumbo ya watoto yaliharibika, na upande wa nyuma wa kambi kulikuwa na mstari wa makaburi mafupi.

Aliyenifuata alikuwa Mama Theresia. Alikuwa mjane, mumewe alianguka kutoka juu ya mnazi wa Mzee Nassor. Ndiye aliyetuongoza katika sala za Jumapili, maana padri alivuka kuja kwetu kwa nadra, bahari ikikubali. Tulisali kwenye banda la kukaushia nazi ziwe mbata, kwa hisani ya Mzee Nassor, na mpaka leo nikinusa mbata naona kama niimbe. Baada ya sala moja alinisogelea akaniuliza kama fundi anayechimbia wenye nyumba za mabati anaweza pia kuwachimbia wenye makuti.

Nilimwambia shamba si letu. Akanijibu kwamba hilo analijua, hakuniuliza juu ya shamba, ameniuliza juu ya sururu. Nikakubali. Sitajifanya shujaa: nilikubali kwanza kwa kuona haya, imani ikanikuta njiani.

Wazee wa kanisa wa Kilindoni, watu wa ofisini, walisikia wakatujia. Walisema tuko ugenini, watu hawa wametuvumilia, wametupa pa kusalia, tusije tukafukuzwa sote kwa ajili ya maji. Walisema kazi ya kanisa ni roho. Mama Theresia aliwakaribisha, akawapikia, akawatengea maji ya kunywa kutoka dimbwini. Wakayatazama.

"Kunyweni, wazee wangu," akasema. "Roho haidhuriki."

Hawakunywa. Mmoja akarudia kwamba sisi ni wageni. Hapo mama akaacha mzaha.

"Mimi mume wangu nimemzika hapa. Ugeni wangu uliishia siku ile."

Basi tukaanza. Mahali nilipachagua mwenyewe, kwenye mwinuko, mbali na vyoo na mbali na ng'ombe. Hilo mlishike hata na mashine zenu: kabla ya kuangalia maji yako wapi, angalia uchafu unatelemkia wapi. Shimo lilikuwa limefika kifuani kwangu Mzee Nassor alipotokea na bakora yake, kanzu ameishika isiguse umande. Nilimwamkia kutoka shimoni, akaitikia, akaniuliza hali yangu, ya nyumbani, ya wazee wangu Masasi. Mpwani hakugombezi kabla hajakujulia hali. Ndipo akachungulia.

"Fundi, unapanda nini?"

"Sipandi, mzee. Nachimba kisima."

"Unapanda. Tena bora ungepanda mnazi. Mnazi nitaukata. Kisima nitakikata na nini?"

Alikuwa ameona mbali kuliko mimi. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio, na kila mwenye shamba kubwa alilala jicho moja wazi. Kwake yeye kisima cha vibarua kilikuwa mnazi usiokatika: leo maji, kesho nyumba za mawe, keshokutwa shamba lina wenyewe wengine. Akaniomba nitoke shimoni, kwa sauti ile ile ya kuulizia hali. Alipokuwa anaondoka akakumbuka kitu, akamgeukia Mama Theresia akasema kwamba Jumapili inayokuja banda litakuwa na mbata. Haukuwa msimu wa mbata. Sote tulielewa.

Jumapili ile tulisali nje, kando ya shimo. Na baada ya sala Mama Theresia alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Aliteka kata moja ya maji ya dimbwini, akaitia kwenye bakuli safi, akaliweka kichwani, na akina mama wote wa kambi, Wakristo na wale wa Rufiji, wakamfuata hadi nyumbani kwa Mzee Nassor. Hawakupiga kelele. Walipiga hodi. Alipowakaribisha, mama akaweka bakuli barazani akasema hawakuja kugombana, wameleta maji wanayokunywa watu wake, ili ayajue. Wakaaga wakaondoka.

Fundi Mbaraka, aliyekuwa akisali naye msikiti mmoja, alinisimulia yaliyofuata. Mzee hakuyanywa maji yale, wala hakuyamwaga. Mkewe alileta kawa akalifunika bakuli kama chakula cha mgeni ambaye hajafika. Likakaa pale. Waliokuja kuongea barazani waliuliza chini ya kawa kuna nini, na ikabidi mtu awajibu.

Kisha akaja katibu wa chama, kijana mwenye suti ya kola fupi, akitokea mjini. Hiyo ilikuwa nafasi yake. Aliita mkutano kambini, akaanza na ndugu wananchi, akaeleza makabaila na mirija yao, akasema atatuma mgambo wakae hapa sisi tukichimba, na Mzee Nassor ashuke aone serikali ni ya nani. Siku za nyuma alikuwa amemwita Mzee Nassor ndugu mbele ya watu, naye mzee akamuuliza ni ndugu kwa baba au kwa mama, na nadhani jambo hilo lilikuwa bado linamkereketa. Vijana wa kambi walipiga makofi. Mimi mwenyewe mkono mmoja uliinuka.

Mama Theresia akasimama. Alimshukuru. Halafu akasema, "Sisi tumeomba maji, mwanangu. Hatukuomba mtu."

Katibu akamuuliza kama anamtetea mnyonyaji. Akasema hapana, mzee anakosa, na ataambiwa kila siku kwamba anakosa, lakini ataambiwa na watu waliomwamkia. Akisha kuburutwa na mgambo, nani atamwambia tena? Katibu alikasirika akasema kama ndivyo, saruji ya serikali tusiitegemee. Vijana wakamnung'unikia mama kwa siku nyingi. Walisema ametuuza. Kupingwa na tajiri ni jambo moja, vijana wangu. Kupingwa na wale unaowapigania kunauma mahali pengine kabisa. Niliwahi kumkuta anafua peke yake, akina mama wenzake wakiwa upande wa pili, nikamkumbusha kwamba hata Isaka alisumbuliwa kwa ajili ya visima. Akasema Isaka alikuwa mwanamume mwenye mifugo yake, hakuwa na zamu ya kufua nazi asubuhi.

Kilichotuokoa ni neno moja, tena kwa makosa.

Habari zilikuja kwamba padri atavuka. Mama Theresia akafurahi, akatangaza kambini kwamba padri ataweka wakfu kisima, hata kama bado ni shimo. Kwetu sisi lugha ndiyo hiyo: altare huwekwa wakfu, kengele huwekwa wakfu, na padri mwenyewe. Maana yake kinaombewa, kinakabidhiwa kwa Mungu. Lakini neno lile lilitembea na maziwa ya asubuhi hadi msikitini, na huko lina maana yake ya kisheria: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu milele, isiyouzwa, isiyorithiwa. Na anayeweza kuitoa ni mwenye mali peke yake. Kwa hiyo Mzee Nassor aliambiwa kwamba Wakristo wa kambini wanaitoa wakfu ardhi yake Jumapili.

Alikuja kweli. Alikuja na wanaume wa msikitini, Fundi Mbaraka akiwa miongoni mwao, na safari hii hakuniuliza hali. Padri alikuwa amesimama kando ya shimo, amevaa tayari, amechanganyikiwa. Vijana wetu walikuwa wameokota vifuu na mawe. Wanaume wa msikitini walikuwa na bakora. Nilitazama shimo nililolichimba, nikaona lina ukubwa wa kaburi.

"Wakfu wa nani?" Mzee Nassor akauliza. "Mtu anaweka wakfu mali ya mwenzake? Dini gani hiyo?"

Padri alieleza, lakini alieleza kisomi, na kila sentensi ilizidi kuwasha. Mama Theresia akamgusa mkono anyamaze kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Ilimlazimu aitikie. "Marahaba."

"Sisi kuweka wakfu ni kumpa Mungu. Tunaomba, basi. Kuanzia hapo kitu kile ni chake."

"Na nyinyi je? Si ndio wenye nacho?"

"Sisi tutakunywa tu."

"Watoto wenu? Hawatakuja kwangu kesho wakasema kisima ni cha mama yao?"

"Kitakuwaje cha mama yao na kimeshakuwa cha Mungu?"

Mzee Nassor akamtazama Fundi Mbaraka, na Fundi Mbaraka, ambaye alikuwa akitazama ukingo wa shimo kama fundi anavyotazama kazi ya mwanafunzi wake, akasema bila kuinua kichwa, "Sheikh, hiyo anayoisema huyu mama ndiyo wakfu yenyewe. Imepungua mwenye shamba tu."

Naona bado uso wa mzee ulivyobadilika. Mnazi wa kibarua ni wa kibarua. Kisima cha wakfu si cha kibarua, si cha kibaraka wa mjini, si cha mtu. Hofu yake yote ilikosa pa kukaa. Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi kwa mtu wa imani mwenye umri kama wake: thawabu ya kisima haikatiki hata aliyekitoa akiwa ameshazikwa, na thawabu hiyo ilikuwa inakaribia kuchukuliwa na padri mbele ya macho yake.

"Basi mlikuwa mnanipora," akasema, na mdomo ukaanza kucheka.

"Tulikuwa tumekukaribisha, mzee. Ulichelewa," Mama Theresia akamjibu.

Vifuu vikaanza kuanguka chini kimoja kimoja. Mzee Nassor akaweka bakora yake, akasema mbele ya watu wote kwamba mahali hapa na maji yatakayotoka hapa ameyaweka wakfu kwa kila mwenye kiu, mkaazi na mpita njia, wa dini yake na asiye wa dini yake. Akataka kuongeza ng'ombe wake. Mama akasema ng'ombe sawa, ila wanyweshwe kwenye hori la pembeni, wasikanyage kisimani. Wakabishana juu ya hori muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya kisima. Halafu padri akaomba kwa njia yetu, wao wakaomba kwa njia yao, na mimi nikarudi shimoni.

Saruji hatukuwa nayo, kwa hiyo tulijenga kwa matumbawe na chokaa. Fundi Mbaraka alishuka mwenyewe kupanga mawe ya chini, mgongo wazi, akinigombeza kwa kila jiwe lililokaa vibaya. Maji yalipotoka alionja, nami nikaonja. Tukatazamana, tukaacha.

Banda la mbata tulirudishiwa. Wazee wa kanisa wa Kilindoni nao walikuja kusali, na safari hii maji waliyotengewa waliyanywa.

Sikukaa. Mnajua nilivyo. Nilivuka kwenda Rufiji kabla chokaa haijakauka vizuri. Nilirudi miaka kadhaa baadaye, kijiji cha ujamaa kikiwa kimeshafika. Shamba lilikuwa limegawanywa, Mzee Nassor alikuwa ameshafariki, na kila mtu alikuwa na shauri na mwenzake: huyu mipaka, yule minazi, wale zahanati ijengwe upande gani. Nilisikia mengi siku ile, lakini hakuna aliyegombania kisima.

Nilimkuta Mama Theresia pale, amezeeka, anaosha debe lake. Tukiwa tunasalimiana akaja mvuvi, mgeni wa dago, kambi ya wavuvi wa msimu, mtu wa Kilwa kwa lafudhi yake, amebeba mtungi mtupu begani. Akasimama mbali kidogo kwa heshima, akatuamkia, akauliza kisima hiki ni cha nani, ili akamwombe ruhusa mwenyewe.

Mama Theresia hakuacha kuosha debe.

"Una kiu?"

"Ninayo, mama."

"Basi ni chako. Teka. Kiu ikiisha, si chako tena."